Aliandikiwa baipola akiwa na miaka 19, mpaka lini?

Binamu yangu alienda hospitali na maumivu makali ya tumbo, upande wa kulia chini ya mbavu, anatapika, hata kunyooka hawezi. Daktari akafungua rekodi zake kwenye kompyuta, akasoma kidogo, akamgeukia na swali la kwanza: "Dawa zako za baipola unakunywa?" Tumbo hajaligusa bado. Mpaka kesho yake, zamu nyingine, daktari mwingine, ndo akapelekwa altrasaundi wakakuta vijiwe kwenye nyongo. Na hiyo baipola aliyoulizwa, yaani ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno kwa vipindi, aliandikiwa akiwa na miaka 19. Sasa hivi ana thelathini na kitu, dawa ya akili ameacha kwa usimamizi wa daktari miaka mingi iliyopita, analala vizuri, anafanya kazi, analea, na hali ile haijamrudia hata mara moja.

Nina hasira, niseme wazi. Mtu anayelia na tumbo apimwe tumbo.

Ila baada ya pale nyumbani ukazuka ubishi ambao nao umenikera. Shangazi anasema mtoto alishapona zamani, lile jina wamfutie. Kaka yake anasema baipola haiponi, ukishakuwa nayo unayo, anajidanganya tu. Yaani wote wawili wana uhakika kabisa na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza: hivi mwaka ule alipatwa na nini hasa?

Niwape upande wa kaka haki yao, ingawa sipendi. Kukaa miaka bila dalili peke yake hakuthibitishi kitu. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, unakuja na kuondoka, Kraepelin, daktari wa akili wa Ujerumani, aliliona hilo tangu 1899 alipouweka chini ya jina moja. Kwenye DSM-5, kitabu cha Marekani ambacho madaktari hukitumia kutambua magonjwa ya akili, ukipata mania moja tu ya kweli maishani, yaani kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, inatosha kuitwa baipola ya aina ya kwanza, miezi 2 bila dalili za maana unaandikwa umetulia, lakini hakuna mstari unaosema ikifika miaka fulani inafutika. Na zaidi ya asilimia 90 ya waliopata mania mara moja hupata tena kipindi cha mania au cha sonona, ile huzuni nzito. Halafu kama umetulia huku unakunywa lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, kila siku, basi huo utulivu huenda ni kazi ya lithiamu, usiutumie kama ushahidi kwamba huumwi. Kuikata ghafla ni hatari, watu wengi wamerudiwa vibaya kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukisoma hapa usiende kumwaga vidonge, nakuomba sana.

Sasa rudi kwa binamu. Mwaka ule alikuwa na sonona, haamki, hali, mtihani umekaribia. Akapewa dawa za sonona. Baada ya wiki chache akaacha kulala, anaongea mfululizo hapumui, saa tisa usiku kafumua nguo zote kabatini anazipanga upya kwa rangi huku anacheka, anataka kuanzisha biashara tatu kwa mpigo. Tukampeleka. Dawa ya sonona ikakatwa, akapewa nyingine ya kumtuliza, akatulia haraka sana. Aliporuhusiwa kwenye karatasi kukawa na neno moja: baipola.

Hapo ndipo pananiuma. Hali ya namna ile inaweza kuletwa na dawa za sonona zenyewe, inaweza kuletwa na steroidi, na tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi, na kokeini. Kitabu hichohicho wanachotumia kinasema mania iliyoanza baada ya dawa ihesabiwe baipola pale inapoendelea kikamilifu hata baada ya nguvu ya dawa kuisha mwilini, na kwa kawaida iwe imedumu angalau siku 7, isipokuwa kama imebidi alazwe. Je kwake iliendelea, au ilizima na dawa? Jibu la swali lote liko hapo, na hakuna aliyeliandika! Tulipoomba faili la zamani tukaambiwa halipo, la karatasi, lilishaharibika. Maelezo yamepotea, tarehe zimepotea, jina la dawa aliyokuwa anakunywa limepotea, kilichohamishiwa kwenye kompyuta ni lile neno tu, na kila daktari anayekuja analipokea kama lilivyo anaendelea nalo.

Na msiniambie madaktari hawakosei kwenye hili. Marekani ziara za watoto na vijana kwa daktari zilizoandikwa baipola zilikuwa 25 kwa kila watu 100,000 wa umri huo mwaka 1994-95, kufika 2002-03 zikawa 1,003. Watoto hawakubadilika kiasi hicho ndani ya miaka minane, kilichobadilika ni uandikaji, mpaka DSM-5 ya 2013 ikaleta jina lingine kwa watoto wenye hasira zisizoisha, sababu mojawapo ikiwa ni hiyo. Na kwa watu wazima kuna utafiti wa Zimmerman wa 2008, wagonjwa 700, wale 145 waliosema walishaambiwa wana baipola walipohojiwa upya kwa utaratibu kamili, chini ya nusu ndo ilithibitika. Sawa, mahojiano nayo yanaweza kumkosa mtu aliyesahau mania yake ya zamani, nakubali. Lakini chini ya nusu!

Kwa hiyo sitaki lifutwe kimyakimya kama shangazi anavyotaka. Kuna siku hiyo historia itamlinda: akijifungua tena, maana wiki za baada ya kujifungua ni za hatari kubwa kwa mwenye baipola, au akitaka kupewa dawa za sonona au steroidi. Hapo lazima daktari ajue. Ninachotaka ni daktari wa akili akae naye saa nzima au zaidi, amuulize yeye, atuulize na sisi tuliokuwepo usiku ule, apime thairoidi, halafu aamue upya na aandike kwa nini. Binamu kashaomba hiyo miadi, na kaniomba twende wote nikaeleze nilichokiona.

Na hata akitoka na jina lilelile, nataka pale kwenye kompyuta pasomeke hivi: alipata hali ya mania mara moja akiwa na miaka 19, wiki chache baada ya kuanza dawa za sonona, hajarudiwa tangu hapo, hatumii dawa. Mstari mmoja huo, ili anayekuja kumtibu tumbo ausome kisha aguse tumbo.