Walter Neff hakuua kwa ajili ya mwanamke

Walter Neff ni mwongo. Filamu ya Double Indemnity haijashika kasi hata kidogo anapoingia ofisini usiku, jeraha la risasi likivuja, anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kukiri kwamba ameua kwa sababu ya pesa na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Tangu mwaka 1944 watazamaji wamelimeza ungamo hilo bila kutafuna. Kila anayekusimulia filamu hii atakwambia ni kisa cha mwanamke mbaya aliyempoteza kijana wa watu. Mimi siafiki. Naona Neff aliua ili aone kama anaweza kuishinda ofisi yake, na kuna mfanyakazi mwenzake mmoja ambaye ndiye hasa aliyetaka kumshinda.

Wala simharibii mtu uhondo. Muuaji anajitaja mwenyewe mwanzoni.

Neff ni wakala wa bima mjini Los Angeles. Anakwenda nyumbani kwa Dietrichson kumkumbusha kwamba bima za magari yake zimefikia kikomo. Mume hayupo. Mke, Phyllis, anateremka ngazi na kikuku mguuni, na macho ya wakala hayatoki pale. (Maneno ya kikuku si ya Dar peke yake.) Haupiti muda wanapanga njama: mume atie saini bima ya ajali bila kujua, kisha aonekane ameanguka kutoka kwenye treni. Kwa nini treni? Kwa sababu ajali ya namna hiyo ni nadra sana, na mkataba una kifungu kinachoilazimu kampuni kulipa maradufu: dola 100,000 badala ya 50,000.

Hapo ndipo Neff anapojisaliti. Anasimulia kwamba wazo la kuipiga kampuni lilikuwa likimzunguka kichwani kwa miaka. Anajifananisha na mtu anayezungusha gurudumu la kamari, kazi yake kuwachunga wateja wasiibe, hadi siku moja anajiuliza: kama kuna awezaye kuiba hapa, si mimi niliyelishika gurudumu? Kinachokosekana ni mtu wa kuweka dau. Basi Phyllis ni huyo wa kuweka dau, hakuna zaidi. Mpango ulikuwepo kabla kikuku hakijateremka ngazi.

Na anayelinda hilo gurudumu kwa upande wa pili ni Barton Keyes, meneja wa madai, mzee mfupi mwenye biri mdomoni na kijitu ndani ya tumbo lake kinachomkosesha usingizi kila dai la uongo linapofika mezani. Keyes anampenda Neff. Katikati ya filamu anamwomba awe msaidizi wake, kwa mshahara uliopungua dola 50, na anaieleza kazi ya madai kwa shauku kana kwamba anamwita kwenye upadri. Neff anacheka. Simu inalia papo hapo. Ni Phyllis, mume anasafiri kwa treni. Neff anaweka simu chini na kukataa ile kazi. Mara nyingi nimejiuliza mtu mzima anakataaje heshima kama ile, na jibu langu ni kwamba hakutaka kuwa msaidizi wa Keyes. Alitaka kumzidi akili.

Nikiwaangalia waliotengeneza filamu hii ndiyo kabisa naamini hivyo, maana walikuwa watu waliojua maisha ya ofisi yanavyomla mtu.

Kisa chenyewe kilianza na mauaji ya kweli. Mwezi Machi 1927, huko Queens, New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray, mchuuzi wa koseti za kubana kiuno, walimuua mumewe, Albert Snyder. Mke alikuwa amemfanya mume asaini bima ya maisha bila kuelewa anachosaini, nayo ilikuwa na kifungu hichohicho cha malipo maradufu. Wote wawili waliuawa kwenye kiti cha umeme gereza la Sing Sing, Januari 1928, na mpigapicha mmoja aliyeficha kamera kifundoni mwa mguu akampiga Ruth picha akiwa kitini. Gazeti la Daily News likaitoa ukurasa wa mbele. James M. Cain, aliyefanya kazi ya magazeti New York miaka hiyo, akaja kukigeuza kisa hicho kuwa hadithi iliyotoka kwa sehemu katika jarida la Liberty mwaka 1936. Angalia alichobadilisha. Mpenzi wa kweli alikuwa mchuuzi asiyejua lolote la bima. Cain akamfanya mtu wa bima. Yeye mwenyewe aliwahi kuuza bima kwa muda mfupi ujanani. Badiliko hilo moja ndilo lililoigeuza habari ya gazetini ikawa habari ya kazi na tamaa ya kazi.

Hollywood iliitaka hadithi hiyo tangu 1935, hata kabla haijatoka jaridani, lakini Joseph Breen, msimamizi wa kanuni za maadili za sinema, aliipiga marufuku kwa barua: ni chafu mno. Ilikaa miaka minane. Paramount walipoichukua mwaka 1943, mwongozaji alikuwa Billy Wilder, Myahudi aliyezaliwa katika milki ya Austria na Hungaria na kukimbia Berlin mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka. Mwenzake wa kuandika, Charles Brackett, aliona hadithi inanuka, akajitoa. Cain alikuwa na mkataba kwingine. Mtayarishaji Joseph Sistrom akapendekeza jina la Raymond Chandler.

Chandler! Mzee wa karibu miaka 55, mzaliwa wa Chicago aliyesomeshwa Uingereza, mwandishi wa riwaya za upelelezi ambaye hajawahi kuandika filamu hata moja. Kabla ya uandishi alikuwa mkubwa katika kampuni ya mafuta hapo hapo Los Angeles, akafukuzwa mwaka 1932 kwa ulevi na utoro. Kwa hiyo meza zile zilizopangwa safu, ile lifti, yale makabrasha, kwake havikuwa mapambo.

Ndoa ya Wilder na Chandler ilikuwa karaha tangu asubuhi ya kwanza. Chandler alijaribu kuacha pombe. Wilder alikunywa mchana, akavaa kofia ndani, akaongea na wasichana kwenye simu muda wa kazi, akazungusha fimbo yake mbele ya pua ya mwenzake na kumwamuru afunge dirisha bila hata neno la adabu. Chandler akagoma, akawasilisha malalamiko yake kwa maandishi. Wilder akaomba radhi, wakarudi mezani. Na humo ndimo yalimotoka yale majibizano makali kuliko ya filamu nyingine yoyote ya wakati ule. Wilder alitaka watumie mazungumzo ya Cain kama yalivyo. Chandler akamwambia yameandikwa kwa ajili ya macho, mdomoni hayasemeki. Waigizaji wakaitwa wayasome kwa sauti. Yakaanguka chini. Mzee alikuwa sahihi. Husifiwa Wilder zaidi, nami nampa haki yake, lakini sauti ya Neff, ile dharau yenye uchovu, ni ya Chandler. Hata sura yake imo: robo saa hivi baada ya kuanza, Neff anapita koridoni na mtu ameketi kitini anasoma. Ni Chandler. Ilichukua zaidi ya miaka 60 watu kuligundua hilo.

Kuhusu waigizaji sitasema mengi. Fred MacMurray alikuwa mtu wa vichekesho vyepesi na alimwonya Wilder kwamba yeye ni mpiga saksafoni tu; uso wake wa jirani mwema ndio unaoogofya. Barbara Stanwyck alihofia jukumu la muuaji, akalikubali, akavishwa wigi ya rangi ya dhahabu ambayo mkubwa mmoja wa studio aliifananisha na nywele za George Washington. Wigi ni mbaya kweli, na inafaa, kwa sababu Phyllis mwenyewe ni bandia. Edward G. Robinson alikubali jina lake liandikwe la tatu baada ya miaka ya kuwa nyota, kisha akaiba filamu nzima. John F. Seitz, aliyeshika kamera, alipuliza chembe za alumini hewani ili vumbi lionekane kwenye miale inayopita katikati ya vibao vya pazia za dirisha. Vivuli vile vya mistari vimeigwa hadi vimechosha, lakini hapa vinastahili: sebule ya Dietrichson inanuka uzembe na vumbi.

Ushahidi wangu mkubwa uko kwenye kipande ambacho hakuna atakayekiona ukumbini. Wilder alijenga chumba cha gesi cha gereza na kupiga tukio la Neff akiuawa kwa gesi ya sumu huku Keyes akitazama kupitia kioo. Inasemwa liligharimu dola 150,000, kwa filamu ambayo yote haikufika milioni. Akalikata. Alikwisha kupiga picha ya wanaume hao wawili mlangoni mwa ofisi, Neff yuko chini, Keyes amepiga magoti. Filamu nzima Neff ndiye amekuwa akimwashia Keyes biri, maana mzee hana kiberiti kamwe. Sasa anayeashiwa ni Neff. Phyllis amekufa, na hakuna anayemtaja tena. Kama hii ingekuwa habari ya pesa na mwanamke, ingeishia sebuleni kwake, wanapopigana risasi. Wilder aliyetupa fedha zote hizo alijua filamu yake ni ya nani na nani.

Tuzo za Oscar za mwaka huo iliteuliwa mara saba na kurudi mikono mitupu. Going My Way, filamu ya mapadri na nyimbo, ilibeba saba, na kisa maarufu kinasema Leo McCarey alipopita kwenda kuchukua ya uongozaji, Wilder alinyoosha mguu njiani. Mwaka uliofuata Wilder alishinda kwa The Lost Weekend, filamu ya mwandishi mlevi. Alisema aliitengeneza ili amwelewe Chandler. Chandler naye, Novemba 1945, aliandika katika jarida la Atlantic Monthly makala ya kuwachambua wenye studio jinsi wanavyowatesa waandishi. Alikuwa bado anapokea mshahara wao.