Dodoma, vumbi ndilo linalopanga siku ya sevisi

Kila kitabu cha pikipiki ya matairi manne nilichowahi kufungua kina jedwali la sevisi, na karibu na jedwali hilo kuna maneno machache: ukiendesha kwenye vumbi, matope au maji, fanya mapema zaidi. Huko vinakoandikwa vitabu hivyo, hayo ni maelezo ya pembeni. Kwetu Dodoma ndiyo habari yenyewe. Kuanzia Mei mpaka Novemba hatuoni mvua ya maana, na njia ya kwenda shambani kwetu, upande wa Hombolo, inakuwa unga mwekundu unaofunika kiatu. Anayesubiri kilomita zitimie ndipo afungue mashine yake, ameshachelewa.

Hili nimelilipia. Mashine yetu inafanya kazi kwenye zabibu: inabeba kreti wakati wa mavuno, inapeleka samadi na dawa, inazunguka mipaka ya shamba. Mavuno ya Agosti na Septemba ya mwaka mmoja ilianza kula oili. Naongeza leo, baada ya siku tatu kijiti cha kupimia kinaonyesha imeshuka tena. Ukafuata moshi wa bluu asubuhi, kisha nguvu ikapungua hata kreti nne zikawa mzigo. Niliamini nimeuziwa oili feki. Fundi alipofungua injini tukakuta ukuta wa silinda una michirizi unayoisikia kwa ukucha, na ndani ya bomba la kuingiza hewa, nyuma ya chujio, kuna utando wa vumbi laini kama poda ya mtoto. Oili haikuwa na kosa. Chujio la hewa, lile mafundi wanaloliita eyaklina, lilikuwa limerudishwa kavu, na klipu moja ya mfuniko haikubana. Niliyelirudisha ni mimi.

Vumbi letu ni kali kuliko linavyoonekana. Majabali yaliyouzunguka mji huu ni graniti, na graniti inapomomonyoka huacha chembe za madini magumu yanayoitwa kwazi. Kwenye kipimo cha Mohs, chenye ngazi 10, kwazi ina ugumu wa 7. Chuma cha kawaida hakifiki hapo. Chembe hizo zikipita chujio huchanganyika na oili na kuwa msasa ndani ya silinda, na kila pistoni ikipanda na kushuka inasugua. Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaobadili oili kwa bidii zote lakini sanduku la hewa hawajalifungua tangu mashine itoke dukani. Unafagia sebule mlango ukiwa wazi na upepo unavuma.

Wakati wa kiangazi mimi nafungua sanduku hilo kila wiki, na wakati wa mavuno hata kila baada ya siku mbili. Chujio letu ni la sponji. Nalifua kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, nalikamua kwa kulibana katikati ya viganja, silisokoti kama nguo maana linachanika. Petroli siitumii: inalegeza gundi ya sponji, na ni moto unaosubiri cheche. Halafu linakauka kivulini mpaka liwe kavu kabisa. Hapo ndipo hatua niliyoiruka mwaka ule: kulipaka oili ya chujio, ile inayonata, mpaka rangi ienee kote, na kubana ya ziada itoke. Sponji kavu halishiki vumbi laini, linapita tu. Kabla ya kufunga napaka grisi kidogo kwenye ukingo linapokalia, nafuta sanduku kwa kitambaa kibichi, na kila klipu naigusa kwa mkono. Nina masponji mawili, moja linafanya kazi, jingine liko tayari kwenye mfuko wa plastiki. Kama mashine yako ina chujio la karatasi, hilo halipakwi oili. Likichafuka weka jipya.

Kuhusu oili ya injini sina mengi. Ipime mashine ikiwa mahali pa tambarare, fuata namba iliyo kwenye kitabu, na kama klachi yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, nunua oili ya pikipiki. Nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ikianza kuteleza utalaumu kilima.

Kinachonitia hofu zaidi ni upepo wa matairi, kwa sababu hapa watu wanaumia. Matairi haya mapana hujazwa upepo mdogo sana, mara nyingi kati ya paundi 4 na 7, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine yenyewe. Ukimpelekea kijana wa pancha aliyezoea bodaboda, atakujazia 30 kwa nia njema kabisa. Tairi linakuwa gumu kama mpira wa miguu, mashine inarukaruka kwenye mawe, na pembeni mwa korongo inapinduka. Kununua geji ya upepo mdogo ni lazima, maana ile ya kawaida haisomi vizuri huko chini. Pima asubuhi kabla jua halijapasha tairi, na hakikisha ya kushoto na kulia yanalingana.

Ukiwa umeinama hapo, angalia zile raba zenye mikunjo zinazofunika maungio ya eksili. Miiba yetu inazitoboa. Tundu dogo tu, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia kokoto zikitafunwa ukikata kona. Raba ni bei ndogo ukilinganisha na eksili nzima.

Mvua zikianza Desemba, makorongo yale makavu yanashuka maji ghafla. Mashine ikizama mpaka kwenye injini, usiiwashe. Chomoa kijiti cha oili uangalie: ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia, na oili hiyo lazima imwagwe kabla ya chochote.

Yote haya mimi nayahesabu kwa saa za injini, si kwa kilomita. Kati ya mistari ya mizabibu mashine inaweza kuunguruma siku nzima ikatembea kilomita 15 tu, huku inavuta hewa ileile yenye vumbi. Mashine nyingi zina mita ya saa kwenye dashibodi na wenye nazo hawaitazami. Sisi tuna daftari linaloning'inia stoo kwa kamba. Leo limeandikwa: saa 1,412, sponji limebadilishwa, klipu zote nne zimebana.