Turbo za Zamani Ziachwe Zilivyoundwa

Mwaka 1962 Oldsmobile ilitoa Jetfire, ambalo pamoja na Chevrolet Corvair Monza Spyder la mwaka huohuo ndiyo magari ya kwanza ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani yake) kuuzwa kwa watu wa kawaida. Jetfire lilikuwa na injini ya V8 ya alumini, lita 3.5, na mgandamizo (kiasi ambacho pistoni hubana hewa na petroli) wa 10.25 kwa 1. Mgandamizo mkubwa kiasi hicho ukiongezewa turbo, petroli hujiwakia kabla ya wakati wake, ndiyo maana wahandisi waliweka chupa ya maji na methanoli iliyonyunyizia injini kila turbo ilipofanya kazi. Wenye magari hawakuijaza. Chupa ilipokauka, vali ya usalama ilizuia presha ya turbo na gari likakosa nguvu, malalamiko yakawa mengi. Kufikia 1965 kampuni yenyewe ilikuwa tayari kuing'oa turbo na kuweka kabureta ya kawaida. Leo Jetfire lenye turbo yake ni nadra kuonekana, na mengi hayakuipoteza kwa ajali wala kutu. Yaliipoteza kwa matengenezo.

Naliweka hilo mbele kwa sababu kosa lenyewe bado linafanyika, ila sasa linaitwa uboreshaji. Mtu ananunua Porsche 930, BMW 2002 Turbo au Saab 99 Turbo, na mwezi haujaisha keshaambiwa atoe mfumo wa petroli wa zamani, afunge kompyuta, aweke turbo kubwa na kupandisha presha. Mimi napinga. Magari haya yana thamani kwa jinsi yalivyotatua tatizo gumu kwa vifaa vya wakati wake, na ukiondoa vile vifaa umebaki na bodi tu.

Tazama namba zenyewe. BMW 2002 Turbo ya 1973 ina mgandamizo wa 6.9 kwa 1. Porsche 930 ya lita 3.0, iliyoanza 1975, ina 6.5 kwa 1, presha ya turbo ya takriban bar 0.8 na nguvu farasi 260. Mgandamizo ulishushwa namna hiyo kwa makusudi, kwa kuwa injini haikuwa na kihisi cha kusikia mlio wa mlipuko wa mapema. Saab ndiyo iliyoleta mfumo wa APC, unaopunguza presha ya turbo kwa kutumia kihisi hicho, mwaka 1982. Kwenye magari haya kinga ilikuwa mchanganyiko mzito wa petroli, muda wa plagi uliopangwa kwa tahadhari, na presha isiyozidi kipimo. Ukipandisha presha kwa bar 0.2 bila kugusa petroli, umekula akiba yote waliyokuachia wahandisi. Pistoni hutoboka ghafla, na haitoi taarifa.

Sasa, mfumo unaolaumiwa kuliko wote ni K-Jetronic ya Bosch, mfumo wa kunyunyizia petroli usiotumia kompyuta, iliyomo kwenye 930 na 99 Turbo. Husemwa kuwa ni mgumu na haueleweki. Ukweli ni kwamba haupimwi ipasavyo. Hewa inayoingia huinua sahani, sahani husukuma pini ndani ya kigawa petroli, na presha ya udhibiti inayokaa juu ya pini huamua itainuka kiasi gani. Presha hiyo ikishuka, petroli huongezeka, na kwenye matoleo ya turbo kidhibiti hupunguza presha hiyo turbo inapojaza ili mchanganyiko uwe mzito. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu yoyote, funga geji ya presha na upime vitu vitatu: presha ya mfumo, presha ya udhibiti injini ikiwa baridi na ikiwa moto, kisha presha inayobaki baada ya kuzima. Linganisha na jedwali la gari lako mwenyewe, maana vidhibiti vinafanana kwa sura ilhali namba zao ni tofauti.

Cha kwanza kutafuta ni hewa ya wizi. Hewa yoyote inayoingia bila kupita kwenye sahani haihesabiwi, na injini hupata petroli pungufu. Huingia kwenye mipira iliyopasuka, raba za nozeli, hata kifuniko cha oili kisichobana. Raba hizi ni za bei ndogo, zibadilishe zote kwa mara moja. Cha pili ni petroli iliyolala. Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu, pini inapata kutu na kukwama, na kigawa petroli kilichokwama si kazi ya kupiga brashi ya waya. Kinapelekwa kwa fundi mwenye benchi la kupimia. Gari likikaa kwa miezi, lijazwe tangi lote petroli isiyo na ethanoli.

Turbo yenyewe ni imara kuliko inavyosemwa. Nyingi za zamani hupozwa na oili peke yake, hazina maji. Ukizima injini ghafla baada ya mwendo mkali, oili husimama ndani ya beringi huku nyumba ya moshi ikiwa bado na joto kali, ikaungua na kuacha makaa yanayoziba njia. Kilomita mbili au tatu za mwisho endesha taratibu bila kuamsha turbo, kisha iache injini ingurume dakika moja au mbili ndipo uzime. Asubuhi nayo ina kanuni yake: usizidi mizunguko 3,000 mpaka oili ifike nyuzi 80. Geji ya maji isikudanganye, oili huchelewa kupata moto.

Moshi wa bluu ukitokea, wengi hukimbilia kuikarabati turbo. Anza na bomba la kurudisha oili. Kwenye shafti ya turbo hakuna sili ya mpira, nyingi zina pete za chuma tu, na oili hutoka kwa kushuka yenyewe. Bomba likiziba, likijikunja au lisipokuwa na mteremko, oili hujaa na kupenya kwenye moshi hata turbo ikiwa nzima. Angalia pia njia ya kupumua ya injini. Kama kweli turbo inafunguliwa, weka alama kwenye shafti, nati na mapanga ili balansi isipotee, na badilisha bomba la kuleta oili kwa sababu lile la zamani lina makaa. Usipake silikoni kwenye gasketi ya njia ya oili. Kipande kidogo kikikatika kinaziba tundu na beringi inakufa papo hapo. Ukifunga, mimina oili safi kwenye tundu la kuingizia, kisha piga stata bila kuwasha plagi mpaka geji ya oili ipande. Ndipo uwashe.

Westigeti hunisumbua akili zaidi, kwa sababu inasahauliwa. Ni vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo presha ikitosha. Gari likikaa, shina lake hushika kutu, na diaframu yake huzeeka na kuchanika. Vali ikigoma kufunguka, presha hupanda bila kikomo. Ijaribu kwa pampu ya mkono kabla ya kuliamini gari lililolala.

Kwenye 930, boliti ndefu za Dilavar (aina ya aloi ya chuma) zinazoshika vichwa vya silinda hukatika kwa kutu, kwa hiyo mlio wa moshi unaovuja ukisikika usiuite gasketi kabla ya kuzikagua. Oili yake hupimwa injini ikiwa moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Ukiipima baridi utajaza kupita kiasi, na ziada yote huishia kwenye njia ya hewa.

Vikinga joto vya bati karibu na turbo virudishwe vyote baada ya kazi. Mafundi huvitupa kwa kuwa vinazuia spana, na hapo mpira wa petroli unabaki ukitazamana na chuma chekundu. Mipira hiyo ibadilishwe kwa umri, hata kama kwa macho ni mizuri.

Sikatai kila badiliko. Mpira bora wa petroli, plagi za kisasa, geji ya presha ya kuaminika, hivyo vinalinda gari na vinaondolewa bila kukata kitu. Mengine yote, hifadhi sehemu ya asili kwenye sanduku lenye maandishi: kidhibiti, kigawa petroli, nyumba ya turbo yenye kibao chake cha namba. Na gari liendeshwe. Kuliwasha dakika tano gereji ni kulijaza maji na petroli mbichi ndani ya oili. Lipe kilomita 30 au 40 kila baada ya wiki tatu au nne, oili ipate moto kamili, turbo iamshwe mara kadhaa, na oili yote imwagwe kila mwaka hata kama kilomita hazijatimia.