Moshi wa Leonardo Ulikuwa Kwenye Miwani Yangu

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazieni kwamba nililia mbele ya mchoro wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kule Florence, Italia, nimeona afadhali niwasimulie mwenyewe. Sikulia. Macho yalikuwa yakiniwasha tangu jikoni, kwani asubuhi hiyo nilikuwa nimekaanga maandazi ya msafara mzima, kisha nikafuta miwani kwa upindo wa shati lile lile nililopikia.

Tulipoingia Uffizi, jumba la sanaa la mji huo, nilijitwika kazi ya kuwaongoza wenzangu, maana nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya sanaa ya Renaisansi, ile enzi ya mwamko wa sanaa Ulaya, na sikutaka elimu hiyo ilale bure. Tukasimama mbele ya “Kuzaliwa kwa Venus”, turubai lenye upana wa karibu mita 2.8 ambalo Sandro Botticelli alilichora katika miaka ya 1480. Nikakohoa kidogo, kama wanavyofanya wahadhiri.

“Tazameni,” nilisema kwa sauti iliyowageuza hata wageni wa pembeni, “hii ndiyo sfumato, mbinu ya kuyeyusha kingo za umbo hadi nuru iingie kivulini pasipo mpaka, mfano wa moshi. Tafuteni mstari mmoja tu katika uso ule, hamtauona.”

Kimya. Mpwa wangu wa miaka tisa aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, kama kuku anayeichunguza punje asiyoiamini. “Mjomba,” akasema kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi, “mimi naiona mingi.” Nikamjibu kwamba jicho la mtoto huchelewa kukomaa. (Ndiyo, nilisema hivyo, msiniulize.) Hapo rafiki yangu akanivua miwani taratibu, kama anayemfunua bibi harusi shela, akaiinua kwenye mwanga: vioo viwili vyenye utando wa mafuta, na pembeni alama ya kidole chenye unga. Akaifuta kwa ncha ya skafu yake, akanirudishia.

Laiti nisingaliivaa! Venus alikuwa na mistari toka kidevuni hadi kisiginoni, nywele zake zimechorwa uzi kwa uzi, na mawimbi ya bahari yalikuwa vialama vya V vilivyopangwa kama mishono ya kofia. Nilikuwa nimemsingizia moshi fundi mkubwa wa mstari, tena anayetumia tempera, rangi ya kuchanganywa na yai, ambayo hukauka kabla hujapata nafasi ya kuyeyusha chochote. Sfumato ni ya Leonardo da Vinci, aliyeneemeka na rangi ya mafuta isiyokuwa na haraka ya kukauka. Mafuta yalikuwapo mbele ya Venus, nakiri, ila yalikuwa ya alizeti.

Nilisingizia haja ya kwenda chooni, nikajificha, na jina la “Ustadhi Moshi” likanifikia kwenye kundi la WhatsApp kabla sijakifikia chumba cha Leonardo. Mbele ya mchoro wake, “Kupashwa Habari Maria”, sikufungua kinywa. Mpwa wangu alinivuta mkono.

“Mjomba, huyu ana moshi wake mwenyewe, au nikufutie tena miwani?”