Kuwasha Upya ni Kufunika Kombe

Skripti, yaani programu fupi ya kufanya kazi moja, ikifa mara moja, naweza kukubali kwamba ni bahati mbaya. Ikifa kila wiki kuanzia Alhamisi, halafu Jumatatu ikaamka nzima kana kwamba hakuna kilichotokea, hapo kuna sababu, na aliyekabidhiwa seva ana wajibu wa kuitafuta.

Nasema hivi kwa sababu niliikuta hali hiyo kwenye seva moja ya Linux niliyopewa kuitunza. Ajenti wa ufuatiliaji, yaani programu inayokusanya vipimo vya hali ya seva, alikuwa akiendesha skripti ya Python kila saa, kazi yake kuhesabu makosa ndani ya logi (faili la kumbukumbu za matukio) ya programu ya mauzo. Kuanzia katikati ya wiki grafu zilitoboka: kila saa, pengo la dakika chache. Si grafu ya makosa tu, bali zote, hata za diski na CPU. Maana yake ajenti mwenyewe alikuwa anakufa. Wenzangu walikuwa wameshatoa hukumu kwamba ajenti ni mbovu, wakaweka kazi ya cron (kipanga ratiba cha Linux) ya kumwamsha kila dakika 10. Funika kombe mwanaharamu apite. Miezi ikapita hivyo.

Kilichowapoteza ni kwamba skripti, wakiiendesha kwa mkono, ilikubali kila mara. "Mbona kwangu inakubali?" Sentensi hii imetupotezea muda mwingi sana katika kazi yetu. Unapoingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH unaingia na jina lako, PATH yako (orodha ya mahali amri zinapotafutwa), ruhusa zako na mipaka yako. Ajenti hana hata kimoja kati ya hivyo. Skripti iliyokubali mikononi mwako haijathibitisha lolote kuhusu itakavyokuwa mikononi mwake.

Jibu lilikuwa kwenye journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu za mfumo, muda wote, halikufichwa. Mstari mmoja ulisema mchakato wa huduma hiyo umeuawa na OOM killer (sehemu ya Linux inayoua michakato RAM inapoisha), na chini yake huduma nzima imeanguka kwa matokeo ya 'oom-kill'. Lakini seva ilikuwa na RAM tele! Hapo ndipo nilipolifungua faili la huduma ya ajenti na kukuta MemoryMax=256M, yaani huduma hiyo isizidi MB 256 za RAM.

Mchakato wowote unaozaliwa na ajenti huhesabiwa ndani ya kapu lake, yaani cgroup yake. Skripti ilikuwa inasoma logi yote kwa mkupuo na kuikata mistari ndani ya RAM, na Python ikifanya hivyo hutumia RAM inayozidi kwa mbali ukubwa wa faili lenyewe. Logi ilikuwa inazungushwa na logrotate mara moja kwa wiki, Jumapili usiku, yaani faili la zamani linawekwa kando na jipya linaanza. Jumatatu faili dogo, hakuna neno. Alhamisi faili limenenepa, kapu linajaa (seva hiyo haina swap, yaani nafasi ya diski ya kusaidia RAM), na kerneli, kiini cha Linux, inamuua mla RAM mkubwa, ambaye ni skripti. Kisha systemd, msimamizi wa huduma za Linux, tangu toleo la 243 la mwaka 2019, ikiona mtoto mmoja wa huduma ameuawa namna hiyo, kwa kawaida huisimamisha huduma yote, kwa sababu OOMPolicy yake, yaani sera ya kufuata mchakato ukiuawa hivyo, ni stop (simamisha). Ndiyo maana ajenti alionekana mkosaji, naye hakuwa na kosa.

Kuthibitisha hakukuwa na ugumu. Niliiendesha skripti kwa systemd-run, amri inayoendesha kitu kama huduma, nikiipa mtumiaji yuleyule wa ajenti na MemoryMax ileile. Ikafa mbele ya macho yangu ndani ya sekunde chache. Sijui kwa nini zoezi hili si la kwanza kufundishwa kwa kila anayeanza kazi hii, pamoja na kusoma namba ya kutokea, ile inayoachwa programu inapoisha: 127 amri haikuonekana, 126 imeonekana ila haiendesheki, 137 imeuawa kwa ishara ya 9 (amri ya kuua papo hapo). Namba hizo tatu peke yake hukupunguzia nusu ya kubahatisha.

Kurekebisha kulichukua mchana mmoja. Skripti sasa inasoma mstari kwa mstari, inakumbuka ilipoishia, na saa inayofuata inaanzia hapo. Wapo waliopendekeza tuongeze tu kikomo kiwe MB 512. Nilikataa, maana logi ingeendelea kukua na tungekutana tena kwenye pengo lilelile baada ya muda.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya ile cron. Kaka mmoja wa zamu yetu, mtu ninayemheshimu sana kikazi, alitaka ibaki kama akiba. Nikamwambia, kaka, ajenti akifa leo nataka nijue, nataka simu iniamshe. Cron ile ilikuwa inafuta ushahidi kabla sijafika. Niliiondoa siku hiyohiyo, na mahali pake nikaweka tahadhari inayolia ajenti akinyamaza kwa dakika 5.