Mwanafunzi kati ya kuuza kahawa na kumtetea anayeilima

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayejiunga na harakati za biashara ya haki, yaani biashara inayomhakikishia mkulima bei isiyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa, kwa kawaida hushika kazi mbili kwa pamoja: anauza bidhaa zenye nembo ya biashara hiyo, hasa kahawa, chai na chokoleti, na papo hapo anawashawishi wenzake, wahadhiri na uongozi wa chuo waziamini bidhaa hizo. Wapo wanaosema kazi hizo mbili zinasaidiana, na wapo wanaosema ya kwanza inaiharibu ya pili. Kwetu sisi tunaotoka katika nchi inayolima kahawa, mabishano haya yanagusa kipato cha jamaa zetu, hivyo yanastahili kupimwa kwa makini.

Wanaounga mkono wana historia ya kutosha nyuma yao. Nembo ya kwanza, Max Havelaar, ilianzishwa Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wadogo wa Oaxaca, Meksiko. Mwaka uliofuata mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliopangia kila nchi kiasi cha kuuza nje ili bei isishuke, ulivunjika, bei ikaporomoka, na vyama vya ushirika vya Kagera na Kilimanjaro vikaachwa vipambane na soko lisilo na kinga. Wanafunzi waliingia baadaye kidogo: mwaka 2003 Oxford Brookes ya Uingereza ikawa chuo kikuu cha kwanza kutambuliwa kuwa cha biashara ya haki, na mwaka huohuo umoja wa United Students for Fair Trade ukaundwa Marekani. Chuo kinaponunua kahawa kwa ajili ya migahawa yake yote, kinanunua kwa wingi na mwaka hadi mwaka, jambo ambalo mnunuzi wa pakiti moja dukani hawezi kulifanya.

Fedha zenyewe zinahesabika. Kwa arabika iliyooshwa, yaani iliyomenywa na kusafishwa kwa maji kabla ya kukaushwa, bei ya kima cha chini ya biashara ya haki ilipandishwa mwaka 2023 hadi dola 1.80 kwa ratili, na juu ya bei hiyo ushirika hulipwa senti 20 za ziada kwa kila ratili. Kontena moja la magunia 320 ya kilo 60 kila moja huleta takriban dola 8,460 za malipo hayo ya ziada, na robo yake sharti itumike kuinua tija na ubora. Chama kikuu cha ushirika cha Kagera, KCU, kiliwahi kutumia sehemu ya fedha za namna hiyo kununua hisa za kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA, Bukoba. Kwa maoni yangu huo ndio mfano bora kuliko visima na madarasa yanayopigwa picha kila mara, kwa sababu ulimwezesha mkulima kumiliki hatua inayofuata baada ya shamba.

Upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS, London, walitoa ripoti ya utafiti wao wa miaka kadhaa nchini Ethiopia na Uganda, wakaeleza kwamba vibarua wa maeneo yenye uzalishaji wa nembo hiyo mara nyingi walilipwa chini ya vibarua wa kwingineko. Wenye nembo walipinga jinsi ulinganisho ulivyofanywa, wakisema wakulima wadogo wamepimwa pamoja na mashamba makubwa. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, ila halimwondoi kibarua katika picha. Anayechuma kahawa mbivu kwa malipo ya debe si mwanachama wa ushirika, hapigi kura mkutano mkuu unapogawa malipo ya ziada, na wala hatajwi kwenye pakiti. Isitoshe, ushirika hulipia ukaguzi wa nembo, ilhali sehemu kubwa ya mavuno yake inaweza kuishia kuuzwa kama kahawa ya kawaida kwa kukosa wanunuzi wa nembo.

Kuna jambo jingine ambalo kampeni za vyuoni hulizungumzia mara chache mno, nalo ni wakati wa malipo. Mkulima wa Kagera huuza butura, yaani anauza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ada ya shule au gharama ya hospitali haisubiri mavuno. Bei nzuri ya miezi ijayo haimfai kitu mtu huyo. Masharti ya biashara ya haki yanaupa ushirika nafasi ya kumwomba mnunuzi atangulize hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Mwanafunzi akimbana mnunuzi wa chuo chake juu ya sharti hilo moja, atakuwa amefanya zaidi ya kubandika mabango mia ya nembo.

Je, anayeuza anaweza kubana hivyo? Wanafunzi wa Marekani walijibu swali hilo mwaka 2011. Fair Trade USA, shirika lililotoa nembo hiyo Marekani, lilipojitenga na mfumo wa kimataifa na kutaka kuidhinisha pia kahawa ya mashamba makubwa, si ya ushirika wa wakulima wadogo peke yake, United Students for Fair Trade, waliokuwa wameipigia debe nembo hiyo kwa miaka, waliacha kulitambua. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu riziki yao haikutegemea nembo. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: mwanafunzi auze, lakini faida isiwe mshahara wake, na hesabu za mauzo zikaguliwe na wenzake wasiouza.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, anayefundishwa kusoma mizania ya chama cha msingi, ana uwezo ambao wenzake wa Ulaya hawana. Anaweza kwenda ofisi ya chama akauliza mchumaji alilipwa shilingi ngapi kwa debe msimu huu, mkutano mkuu uliamua nini kuhusu malipo ya ziada, na wanachama wangapi waliuza butura, kisha akawapelekea majibu hayo wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo wanaoinadi kahawa hiyo.