Radi Ikiwa Karibu na Uwanja, Ndege Ndogo Ibaki Chini

Marubani wa ndege ndogo wakizungumzia upepo unaobadilika ghafla wakati wa kupaa, huanza na mbinu: pua ishikiliwe wapi, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa ili kuongeza nguvu ya kubeba) ziguswe au ziachwe. Naona maswali hayo yanatangulizwa mno. Uamuzi mzito hufanywa magurudumu yakiwa bado ardhini, na mara nyingi unapaswa kuwa kungoja.

Tupige hesabu. Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, hupanda kwa mwendo wa kilomita 140 hivi kwa saa. Ikiwa na mzigo kamili na flapu zimekunjwa, ikishuka chini ya 90 mabawa hayaibebi tena. Sasa ipite chini ya wingu la radi linaloporomosha hewa baridi. Hewa hiyo ikigonga ardhi husambaa pande zote, kama maji ya bomba yanayoangukia sakafuni. Rubani hukutana kwanza na upepo wa mbele, tuseme wa kilomita 30. Punde tu, upande wa pili, upepo wa kiasi hichohicho unatokea nyuma yake. Amepoteza kilomita 60 za mwendo dhidi ya hewa, ambao ndio unaobeba mabawa, na kipimo kinaweza kusoma 80. Katikati hapo hewa yenyewe inashuka. Mikondo mikali hushuka hadi futi 6,000 kwa dakika, ilhali Cessna hiyo, usawa wa bahari, hupanda kama futi 700.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni ule upepo wa mbele wa mwanzo, kwa sababu unapendeza. Mshale wa mwendo unaruka, ndege inakuwa nyepesi, na rubani anashawishika kuinua pua zaidi. Mwendo ukiongezeka pasipo yeye kufanya lolote, na radi iko jirani, achukulie kuwa utaondoka sasa hivi.

Tarehe 9 Julai 1982, Boeing 727 ya Pan Am iliruka kutoka New Orleans, Marekani, wakati wa mvua, ikakutana na mkondo wa namna hii kabla ya kufika futi 200, ikaangukia makazi ya mji jirani wa Kenner. Walikufa watu 153, wanane kati yao wakiwa ardhini. Ile ilikuwa ndege ya injini tatu za jeti.

Mkondo mmoja kwa kawaida humalizika ndani ya dakika 5 hadi 15, ila wingu moja laweza kuzaa mingine, kwa hiyo ngoja wingu lenyewe liondoke. Na usidanganywe na ardhi kavu. Mvua inayoonekana ikining'inia angani bila kufika chini hupoza hewa inapokauka, na hewa hiyo nzito huanguka vilevile. Vumbi linalotimka ghafla, au vitambaa vya upepo vinavyoelekea pande tofauti kwenye ncha mbili za uwanja, vyatosha kuahirisha safari.

Hali hii ikikukuta bado unakimbia ardhini na njia ya kurukia imebaki ya kutosha, kata nguvu, ushike breki. Ukiwa umeshapaa, toa nguvu zote za injini, weka mabawa sawa, flapu usiziguse. Hapa nina ugomvi na wanaoiga marubani wa jeti kubwa, ambao hufundishwa kuinua pua hadi nyuzi 15 hivi. Ndege ndogo inayopoteza mwendo ikiinuliwa hivyo itaacha kuruka. Linda mwendo wa kupanda. Ikibidi, kubali kutopanda kwa muda mradi huna kizuizi mbele. King'ora kinachoonya kuwa mabawa yanakaribia kuacha kubeba kikilia, legeza usukani kidogo, hata kama ardhi inaonekana karibu.

Ukishatoka, waambie mnara wa kuongozea ndege au marubani walio kwenye masafa yako ya redio mara moja, kwa takwimu: "Nimepoteza kilomita 40 kwa saa, futi 300, mwisho wa njia." Kusema tu kwamba hali ni mbaya hakumsaidii anayejipanga kuruka nyuma yako. Akipewa urefu, mahali na kiasi, ana cha kuamulia.